Tiba ya mwanga kwa kansa ya ngozi: inafanyaje kazi ndani ya seli, na unajiandaaje

Juzi dada kanitumia picha ya barakoa ya plastiki yenye vitaa vyekundu ndani, inauzwa duka moja huko Kariakoo, na muuzaji kaandika chini yake eti inaua seli za kansa ya ngozi, vaa dakika 20 kila siku. Dada ana ualbino, mwaka juzi kakatwa kidonda sikioni, kwa hiyo kitu kama hicho kinamgusa. Akaniuliza, mdogo wangu, hii si ndo ile tiba ya mwanga aliyofanyiwa binamu kule Birmingham? Nikamwambia hapana, lakini kumweleza kwa simu kwa nini hapana ingemaliza bando zima, kwa hiyo nimekaa nimeandika. Mimi sio daktari, nafundisha bailojia tuisheni huku Mbagala, ila haya mambo nimeyafuatilia kwa sababu yako nyumbani kwetu.

Cha kwanza kukariri, na ukikishika hiki mengine yote utayajua mwenyewe: tiba ya mwanga inakaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni dawa inayoamshwa na mwanga, la pili ni mwanga wenyewe wa rangi inayotakiwa, la tatu ni oksijeni iliyomo kwenye nyama ya mwili. Toa moja chungu kinamwagika. Ile barakoa ya Kariakoo ina figa moja tu, taa. Hakuna dawa, hakuna kitu cha kuamshwa, unakaa nayo usoni unapendeza tu kama disko. Na mwanga mwekundu peke yake hauchomi wala hauui seli, ndo maana unaweza kuangalia taa ya breki ya daladala foleni nzima ya Ubungo na ngozi isikufanye kitu.

Sasa dawa. Inayopakwa sana kwenye ngozi inaitwa methili aminolevulineti, nyingine ni ndugu yake asidi ya aminolevuliniki. Cha ajabu ni kwamba hiyo dawa sio inayoamshwa na mwanga, ni malighafi tu. Seli zako kila siku zinatengeneza ile sehemu ya hemoglobini inayobeba madini ya chuma, na kazi hiyo inaenda kwa hatua, kama matofali yanavyopokezana mkono kwa mkono kwenye msaragambo. Hatua ya kabla ya mwisho inazalisha kitu kinaitwa protopofirini, halafu kimeng'enya cha mwisho kinaingiza chuma humo na kazi inaisha. Ukipaka ile krimu unamwaga matofali mengi kwa mpigo pale mwanzo wa foleni, na yule wa mwisho anazidiwa, protopofirini inarundikana. Kwenye seli za kansa inarundikana zaidi, kwa sababu kile kimeng'enya cha mwisho mara nyingi kinazubaa, na pia ngozi ya juu ya kidonda imeshaharibika kwa hiyo krimu inapenya kirahisi kuliko kwenye ngozi nzima. Ukimulika pale na taa ya bluu gizani, sehemu yenye ugonjwa inang'aa nyekundu ya pinki. Binamu alitutumia picha ya kichwa chake kimeng'aa hivyo, mama akasema mbona kama mzimu.

Protopofirini ikipigwa na mwanga mwekundu wa kama nanomita 630 inaupokea ule nguvu halafu inaukabidhi kwa oksijeni iliyo jirani, na hiyo oksijeni inageuka kuwa kali, inachoma chochote kilicho karibu. Ukali wake hauendi mbali, unaisha hata kabla haujavuka seli moja. Ndo maana ngozi nzima ya pembeni inapona vizuri na kovu linakuwa dogo, moto unawaka palepale ulipowekwa kuni.

Hapa ndo panaponoga, sehemu ambayo watu wengi wanairuka. Seli haifi tu kwa kuunguzwa, mara nyingi inakufa kwa sababu imepata ujumbe wa kufa. Seli zinaishi kwa kutumiana ishara, na mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni daladala. Dereva hamwoni abiria wa nyuma, anaendesha kwa kusikia. Konda akigonga bodi anajua aondoke, abiria akisema shusha anajua asimame. Seli nayo iko hivyo, kuna protini zinazogonga bodi kusema gawanyika, na zingine zinasema simama, na zingine kabisa zinasema gari hili bovu, lipelekwe likakatwe skrepa. Kansa ni gari ambalo kelele za twende haziishi na za shusha hazisikiki.

Jua linaingilia wapi? Miale ya jua isiyoonekana, ile ya UVB, inagandisha herufi mbili za DNA zilizokaa jirani, zinashikana kama kurasa za daftari lililomwagikiwa soda. Kwa kawaida kuna protini inaitwa p53, huyu ni trafiki, akiona DNA imeharibika anasimamisha gari, ama litengenezwe ama liuliwe. Sasa ikitokea uharibifu umeangukia kwenye kinasaba cha p53 chenyewe, umempoteza trafiki, na magari mabovu yanapita yanazaliana. Kuna vigamba vya jua, vile vikavu ambavyo ukipitisha kidole vinakwaruza kama msasa na vinaweza kugeuka kansa, kwenye vingi vyao trafiki keshaondoka barabarani. Mtu mwenye ualbino hana melanini, ile rangi ya ngozi, ya kutosha ya kuziba miale hiyo, na hapa kwetu Dar jua liko utosini karibu mwaka mzima, kwa hiyo anaanza kupata vigamba hivi akiwa bado kijana mdogo kabisa.

Kuna kansa nyingine ya ngozi, ya bezo seli, hiyo tatizo lake liko kwenye njia ya ishara waliyoipa jina la kalunguyeye, kwa sababu funza wa inzi wa matunda waliokosa kinasaba hicho walionekana wana vimiiba mwili mzima. Pale kuna protini mbili, Smoothened ndo mpiga debe, kazi yake kupiga kelele za twende, na PTCH1 ndo anayemziba mdomo mpaka ujumbe halali ufike. PTCH1 akiharibika, mpiga debe anapiga bodi usiku na mchana hata kama kituoni hamna mtu. Mwaka 2012 Marekani walipitisha dawa ya kumeza, vismodegib, ambayo inaenda moja kwa moja kumnyamazisha huyo mpiga debe, hiyo ni kwa kansa iliyosambaa au iliyoshindikana kukatwa.

Tiba ya mwanga yenyewe haijadiliani na mpiga debe wala haimsubiri trafiki. Protopofirini inatengenezwa ndani ya mitokondria, yaani kwenye injini, kwa hiyo oksijeni kali inawaka hukohuko. Injini ikitoboka inavujisha protini inayoitwa saitokromu c, na hiyo ikishatoka nje ni ishara ya kifo, inaamsha vimeng'enya vinaitwa kaspasi, kimoja kinaamsha kingine, na hivyo vinaanza kuikata seli vipande vipande kwa utaratibu kutokea ndani. Kwa hiyo hata seli ambayo p53 yake imekufa inaweza kuuawa kwa njia hii. Juu ya hapo seli zinazokufa zinarusha ishara nje zinazoita askari wa kinga, na mishipa midogo ya damu ya pale inaziba. Ila sio zote zinakubali, kuna seli zinajibu kwa kugonga bodi za kujiokoa, na zile zilizo chini sana hazipati mwanga wala dawa ya kutosha, ndo maana kwa kansa ya bezo seli wanafanya mara mbili, wiki moja katikati.

Haya, utaratibu wenyewe sasa.

Anza na kujua una nini. Usikubali mtu akutibu kwa mwanga, kwa krimu, kwa mitishamba, kwa chochote kabla hajakukata kinyama kikaenda kupimwa, labda daktari wa ngozi mwenyewe aseme hivi ni vigamba vya kawaida. Hapa mjini unaweza kuanzia zahanati ya mtaa ukapewa rufaa ya Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka hapo Muhimbili, na kama ni mionzi inatakiwa ni Ocean Road. Tiba ya mwanga inafaa kwa vigamba vya jua, kwa kansa iliyo bado juu kabisa ya ngozi haijatoboa kwenda chini, na kwa bezo seli nyembamba, kama milimita 2 hivi kushuka chini. Mwanga mwekundu unaingia kina kidogo tu, wa bluu hata huo haufiki.

Haifai kwa kansa ya skwamasi, ile ya seli bapa za juu ya ngozi, iliyokwishachimba, na hii ndo inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino hapa kwetu. Hii inaweza kukimbilia kwenye matezi, inatakiwa ikatwe. Kidonda cha dada cha sikio kilikuwa hiki, alikaa nacho miezi 7 akipaka mafuta ya mtu aliyemwambia ni fangasi, mpaka siku ya kukatwa sikio likapungua. Kwa hiyo mwanga hata ungekuwepo mlangoni kwake usingemfaa, na nilimwambia hivyo, akanuna kidogo. Haifai pia kwa melanoma, kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Sisi weusi usidhani hiyo haituhusu, kwetu inapenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, Bob Marley yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu na ikamuua mwaka 1981 ana miaka 36. Melanini nyingi ndani ya uvimbe ule inakunywa mwanga wote, haufiki kunakotakiwa.

Na usiende ukidhani mwanga ndo wa kisasa kwa hiyo ni bora kuliko kisu. Kwa bezo seli ya uvimbe, wagonjwa waliofuatiliwa miaka 5, waliotibiwa kwa mwanga kansa iliwarudia asilimia 14, waliokatwa asilimia 4. Faida ya mwanga ni kovu zuri na kuweza kutibu eneo kubwa kwa mara moja, mfano kipara kizima kilichojaa vigamba. Kama hospitali unayokwenda hawana huduma hiyo, muulize daktari kuhusu kugandishwa kwa naitrojeni ya baridi, krimu ya fluorourasili, au kukatwa. Hizo ni tiba za maana, sio za kuokoteza.

Ukishakubaliwa, kabla ya siku mwambie daktari kila unachomeza. Hapa watu wanateleza sana maana tunanunua dawa duka la mtaani kama tunavyonunua big'jii. Doksi, septrini, haidroklorothiazaidi ya presha, hizi zenyewe zinafanya ngozi iwe rahisi kuungua na mwanga, ukichanganya na krimu unaweza kuungua kupita ilivyopangwa. Kama kuna mtu kwenye ukoo ana ugonjwa wa pofiria sema, mwenye ugonjwa huo mwili wake tayari unarundika pofirini na tiba hii kwake ni marufuku. Uliza bima inabeba nini na kipi unalipa mfukoni, uliza mapema, usije ukaulizia dirishani.

Siku yenyewe panga kukaa karibu nusu siku. Wanaanza kukwangua magamba ya juu taratibu ili krimu ipenye, kisha wanapaka krimu nene kama milimita 1, wakivuka kidogo kwenye ngozi nzima ya pembeni, wanafunika na plasta isiyopitisha mwanga. Halafu unasubiri saa 3. Hizo saa 3 sio uzembe wa manesi, ni muda wa seli kugeuza malighafi kuwa protopofirini, ukisema nina haraka nimulikeni sasa hivi unamulikwa na dawa ambayo bado haijawa dawa. Beba kitabu, beba karanga. Baada ya hapo wanafuta, wewe na anayekuhudumia mnavaa miwani ya kuziba, na taa inawashwa, kwa zile taa nyingi nyekundu dozi ni juli 37 kwa kila sentimita ya mraba, kama dakika 7 mpaka 10 hivi. Mwenye ualbino aombe miwani iliyoziba kabisa pembeni, macho yake hayavumilii.

Kuhusu maumivu nitasema ukweli kwa sababu karatasi za hospitali zinaandika utahisi joto kidogo. Binamu alisema dakika 2 za mwanzo ni kama umeshika pilipili mbuzi ukajifuta nayo kichwani halafu mtu akakumulika na pasi. Maumivu yanaongoza sehemu za uso na kichwa, na eneo likiwa kubwa ndo balaa. Omba feni, omba maji ya baridi ya kupulizwa, omba wasimamishe kidogo upumue halafu waendelee, inaruhusiwa, na kama eneo ni kubwa uliza mapema kuhusu sindano ya ganzi ya mshipa wa fahamu. Feni na maji vinapunguza makali. Usijikaze kiume mpaka ukakimbia katikati ya dozi.

Sasa saa 48 zinazofuata, na hapa kwa mtu wa Dar ndo mtihani. Kwenye ngozi kumebaki protopofirini ambayo haijatumika, figa la dawa bado lipo, oksijeni ipo, kinachosubiriwa ni mwanga tu, na huo mji wetu unaugawa bure. Kosa kubwa ni kudhani losheni ya jua itakulinda. Losheni nyingi zimetengenezwa kuzuia miale isiyoonekana, wakati kinachoamsha dawa hii ni mwanga wa kawaida unaoonekana, unapita kwenye losheni kama hakuna kitu. Kinga hapa ni kitambaa: bandeji, kofia pana, kanga mbili ukijitanda. Omba miadi itakayokutoa jioni giza linaanza. Bajaji iko wazi pembeni, kwenye mwendokasi usikae dirishani, na ukifika nyumbani usikae barazani ukipunga upepo. Baada ya hizo saa 48 rudi kwenye losheni yako, mwenye ualbino kama anapata Kilisun inayotengenezwa Moshi aipake kila siku bila kuruka, maana hiyo ndo inayozuia kigamba kingine kisizaliwe.

Pale patakuwa pekundu, patavimba, patafanya gaga, wiki moja mpaka mbili. Osha kwa maji safi, paka vazelini, usibandue. Usaha, homa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi hospitali.

Dada aliniuliza swali zuri nalo nilijibu hapa: kama mwanga wa kuonekana unatosha, si mtu apake krimu akae nje tu? Jibu ni kwamba ipo, inaitwa tiba ya mwanga wa mchana, Ulaya wanaitumia kwa vigamba vya jua, unapakwa losheni ya kemikali kwanza kuzuia miale mibaya, sio ile nyeupe ya zinki kwa sababu hiyo inaziba mpaka mwanga unaotakiwa, kisha krimu, na ndani ya nusu saa unatoka nje unakaa saa 2. Haiumi kama ya taa kwa sababu protopofirini inatumika kidogo kidogo kadri inavyotengenezwa, hairundikani. Kwa Dar mwanga ungetosha mpaka ukabaki, lakini jasho linafuta krimu, joto la Januari halikaliki, na mtu mwenye ualbino kumweka nje saa 2 ni jambo la daktari kupima kwa makini. Usijaribu nyumbani hata kidogo, hata ukipata hiyo krimu kwa mtu aliyetoka nayo safari.

Miezi 3 baadaye rudi ukaangaliwe, hata kama pamekuwa safi kabisa na unaona aibu kumsumbua daktari. Piga picha ya pale siku ya kwanza, weka na sarafu pembeni ya kupimia ukubwa, halafu piga kila mwezi ukiwa umekaa palepale na mwanga uleule. Angalia zaidi pembezoni mwa kovu, seli zilizokosa mwanga mara nyingi zinachipukia kwenye ukingo. Kigamba kikirudi, au kidonda kikitoa damu bila kukigusa, au ukisikia uvimbe chini ya taya au nyuma ya sikio, usingoje hiyo miezi 3 itimie, nenda kesho yake asubuhi na picha zako kwenye simu.